Somo kwa Makatibu: Kuomba Ukurasa wa Chama katika Mtandao wa Serikali

Chama cha ushirika kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria. Chaweza kununua na kuuza, kumiliki ghala na kiwanja, kukopa, kushitaki na kushitakiwa. Lakini mtu huyu hana uso wala sauti. Hujulikana kwa jina lake, kwa cheti chake na kwa vitabu vyake. Zamani Katibu wa chama cha Rulenge au Nyakahura alipotakiwa kuthibitisha kwamba chama chake kipo, alitia cheti katika bahasha ngumu, akapanda basi, akafanya safari ya siku nzima hadi Bukoba. Siku hizi mnunuzi wa kahawa, ofisa wa benki na mkaguzi huanza kwa kutazama katika kompyuta. Chama wasichokiona humo hukitilia shaka, hata kama ghala lake limejaa na wanachama wake wako nje wakisubiri mizani.

Kwa sababu hiyo somo hili lahusu jambo ambalo makatibu wengi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo wameliuliza kwa namna mbalimbali: chama kifanye nini ili kipate ukurasa wake katika mtandao wa Serikali?

Kwanza yafaa ieleweke kwamba swali hilo moja lina mambo matatu ndani yake, na wengi hukwama kwa sababu wameyachanganya.

La kwanza ni daftari la Mrajis. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, na mtendaji mkuu wa Tume hiyo ndiye Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Daftari ambalo zamani lilikuwa kitabu kikubwa kabatini sasa limo katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaoitwa kwa kifupi MUVU. Humo husajiliwa vyama vipya, hutunzwa taarifa za vyama na wanachama wao, na hupelekwa makisio na taarifa za fedha. Ukurasa wa chama ndani ya MUVU ndio wenye nguvu. Chama kisichokuwamo hakiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kina matangazo mazuri mahali pengine.

La pili ni tovuti ya Halmashauri ya Wilaya. Mwezi Machi mwaka 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa yote 26 ya Tanzania Bara na za halmashauri 185, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Tovuti hizi ni ubao wa matangazo wa wilaya. Halmashauri yaweza kuweka humo orodha ya vyama vya ushirika, mazao yake na mahali ofisi zilipo. Ukurasa wa namna hii haukipi chama uhai wa kisheria, ila humsaidia mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Moshi kujua kwamba Murusagamba kuna kahawa na ni nani wa kumwandikia.

La tatu ni tovuti ya chama chenyewe. Hapa limetokea kosa mara nyingi. Kuna viongozi waliotaka chama chao kipewe anwani inayoishia kwa herufi za go.tz, kwa kuwa wameona ofisi ya Halmashauri inayo na wakadhani ndiyo alama ya heshima. Anwani hiyo imetengwa kwa taasisi za umma, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Chama cha ushirika si taasisi ya Serikali. Ni mali ya wanachama walionunua hisa. Kikitaka anwani yake, kitachukua ya makundi mengine, kama vile or.tz au co.tz, kwa kulipa ada kila mwaka.

Huenda wengine wakaona tofauti hiyo ni ndogo. Wazee wa Kagera wanaokumbuka mwaka 1976 hawataiona ndogo. Mwaka huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, mamlaka za mazao zikachukua kazi ya kununua, na vijiji vilivyoandikishwa chini ya Sheria ya mwaka 1975 vikafanywa kuwa ndivyo vyama vya ushirika. Ilipopitishwa Sheria ya mwaka 1982 ya kuvirudisha, vyama vingi vilijikuta havijui ghala lipi ni la kijiji, lipi ni la mamlaka, na lipi ni la wakulima waliolijenga. Chama kinachojitangaza kuwa ni ofisi ya Serikali kinawapa wajukuu ugomvi wa aina ileile.

Sasa yaangaliwe maombi yenyewe, kuanzia pale yanapoharibika zaidi, yaani katika jina.

Jina la chama ni lile lililoandikwa katika cheti, herufi kwa herufi. Chama Kikuu cha Bukoba huitwa na watu KCU basi, lakini jina lake la usajili ni KCU (1990) Limited. Ule mwaka ulio katika mabano ni sehemu ya jina. Anayeuacha ametaja chama kingine, au hakutaja chama chochote. Katika vyama vya msingi vya mazao na masoko, ambavyo wengi huviita AMCOS, makosa ni mengi zaidi. Katika Kihangaza na Kishubi matamshi ya majina ya vijiji hayafuati daima tahajia iliyowekwa na makarani, na mwandishi mmoja huandika kwa r mahali ambapo mwingine ameandika kwa l. Cheti husema hivi, muhuri husema vile, na kitabu cha benki husema namna ya tatu. Mwanadamu akisoma ataelewa kwamba ni chama kilekile. Kompyuta haitaelewa.

Chukuliwe mfano wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho hakuna haja ya kukitaja. Katibu wake aliandika katika maombi jina lililo kwenye muhuri, kwa kuwa muhuri ulikuwa mezani na cheti kilikuwa nyumbani kwa Mwenyekiti wa zamani. Ukurasa ukafunguliwa kwa jina hilo. Msimu ulipofika, kahawa ikakusanywa, ikauzwa kwa mnada kama kahawa ya Kagera ilivyouzwa katika misimu ya karibuni, na mnunuzi akalipa. Malipo yakakwama, kwa sababu jina la akaunti ya benki halikulingana na jina la chama katika mfumo. Marekebisho yalihitaji barua, muhtasari na nakala ya cheti, na cheti kilikuwa bado kwa yule mzee, ambaye naye alikuwa amekwenda kuuguza ndugu Burundi. Wakulima wakangoja wiki baada ya wiki. Mwanachama mwenye mtoto wa shule hawezi kungoja hivyo. Akaja mtu mwenye fedha mkononi, akanunua kahawa iliyokuwa ingali mtini, kwa bei aliyoitaka yeye. Hiyo ndiyo butura, ambayo Kagera yote huijua na ambayo imekatazwa. Mkulima yule aliiendea kwa miguu yake mwenyewe kwa ajili ya herufi moja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, Katibu atandaze mezani hati nne: cheti cha usajili, masharti ya chama, hati ya namba ya mlipakodi iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato, na barua au kitabu cha benki. Asome jina katika kila hati kwa sauti mbele ya wajumbe wawili. Yakitofautiana, yanayofuata cheti ndiyo sahihi na mengine ndiyo ya kurekebishwa. Mkutano Mkuu ukipenda jina lililo kwenye muhuri kuliko lililo kwenye cheti, ni haki yake, lakini huko ni kubadili masharti ya chama, na mabadiliko hayafanyi kazi mpaka Mrajis ayasajili.

Mahali pa chama nako kuna mitego. Mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, na hati za zamani zina jina hilo. Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, kisha mwaka 2012 ikawa sehemu ya Mkoa mpya wa Geita. Chama ambacho cheti chake kinasema Biharamulo, lakini ofisi yake iko upande ambao sasa ni Chato, kisiombe ukurasa katika tovuti ya Biharamulo. Kiende kwa Afisa Ushirika wa Chato na kumweleza historia yake. Vilevile chama chenye cheti cha kabla ya mwaka 1976 hakina budi kujiuliza kama kilisajiliwa upya, na chini ya sheria ipi. Kuna cheti kilichotundikwa ukutani kwa fahari ambacho sasa ni kumbukumbu tu.

Baada ya jina, uje uamuzi. Ukurasa si mali ya Katibu, wala si zawadi ya Mwenyekiti. Bodi ndiyo iamue, na uamuzi uandikwe katika kitabu cha muhtasari kwa maneno yasiyo na utata. Maneno kama haya yatafaa: "Bodi imeazimia kwamba chama kiombe kufunguliwa ukurasa katika MUVU, na pia kitangazwe katika tovuti ya Halmashauri ya Wilaya. Katibu ndiye atakayejaza taarifa, na Mwenyekiti ndiye atakayezikagua kabla hazijatumwa. Taarifa za kutangazwa hadharani ni jina la chama, namba ya usajili, kijiji na kata, zao, na anwani ya ofisi." Sentensi ile ya mwisho isiachwe, sababu yake itaonekana mbele.

Kwa chama kipya mambo huanzia nyuma zaidi. Sheria yataka waanzilishi wa chama cha msingi cha kilimo wawe watu 20 hadi 30 au zaidi, wafanye mkutano wa uanzilishi, watunge masharti, na waeleze kwa andiko jinsi chama kitakavyojitegemea kiuchumi. Wapo wanaoliona andiko hilo kuwa ni kazi ya kununua kwa mwandishi wa mjini, na andiko moja limewahi kuzunguka vijiji kadhaa, likibadilishwa jina tu. Afisa Ushirika hulitambua mara moja, kwa kuwa kijiji cha tumbaku cha Biharamulo hakiwezi kuwa na mapato ya kahawa ya Ngara. Waanzilishi wahesabu wenyewe: kilo ngapi mwaka jana, kwa bei gani, ushuru wa chama kiasi gani kwa kilo, na mshahara wa karani utatoka wapi. Karatasi mbili za hesabu za kweli zashinda kurasa ishirini za kuazima.

Mlango wa maombi ni Afisa Ushirika wa Wilaya. Yeye ndiye anayevijua vyama vyake, na Mrajis Msaidizi wa Mkoa hutegemea maoni yake. Kumruka na kwenda moja kwa moja Bukoba au Dodoma hakuharakishi jambo. Barua hurudishwa kwake kuulizwa. Kwa upande wa tovuti ya Halmashauri, barua huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Afisa Ushirika, na wanaoshughulikia kazi yenyewe ni watumishi wa habari na wa TEHAMA. Barua na iwe fupi:

"Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya ......, kupitia kwa Afisa Ushirika wa Wilaya. Yahusu: Maombi ya chama kutangazwa katika tovuti ya Halmashauri. Chama cha ......, chenye namba ya usajili ......, cha kijiji cha ......, kata ya ......, kinaomba kuwekwa katika orodha ya vyama vya ushirika vya wilaya. Zao lake kuu ni ....... Bodi iliazimia hivyo katika kikao cha tarehe ....... Nakala ya muhtasari na ya cheti zimeambatishwa. Mabadiliko yoyote ya taarifa hizi yataletwa kwa barua."

Chini yake watie sahihi Mwenyekiti na Katibu, na muhuri wa chama upigwe bila kufunika majina. Nakala moja ibaki katika jalada, ikiwa na sahihi ya aliyeipokea na tarehe. Barua isiyo na ushahidi wa kupokelewa ni vigumu kuifuatilia, na kufuatilia kutakuwapo.

Nakala zinazotumwa kwa kompyuta zapaswa kusomeka. Cheti kilichopigwa picha kwa simu jioni, kikiwa kimekunjwa na kidole kimefunika namba, hurudishwa. Mjini Ngara, Biharamulo na hata Nyakanazi kuna steshenari zenye mashine ya kunakili. Shilingi chache zitakazolipwa huko ni nafuu kuliko nauli ya safari ya pili. Katibu wa karibu na Kabanga au Rusumo aangalie pia simu yake isije ikashika mtandao wa nchi jirani, maana huweza kumaliza salio kabla faili halijafika popote.

Lakini steshenari hiyohiyo ndiyo penye hatari kubwa kuliko zote, na makatibu waangalie sana. Ukurasa ukifunguliwa, mtumiaji hupewa jina la kuingilia na neno la siri. Katibu asiyezoea kompyuta humwambia kijana wa dukani amfanyie, na neno la siri hubaki limeandikwa nyuma ya daftari la kijana huyo, au limehifadhiwa katika mashine ambayo kila mtu huiketia. Chama kisingempa kijana wa dukani muhuri wake alale nao. Neno la siri ni muhuri, tena ni zaidi, kwa kuwa muhuri ukipotea huonekana kuwa haupo. Kama hapana budi kusaidiwa, Katibu aandike neno hilo kwa vidole vyake mwenyewe, asiruhusu mashine ilihifadhi, na afunge ukurasa kabla ya kuinuka. Akiondoka madarakani, neno libadilishwe siku ileile ya makabidhiano, na jambo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na funguo za sefu. Vyama vimekwama kupeleka makisio yao kwa sababu tu Katibu wa zamani alihamia mjini na neno la siri kichwani, na uhusiano wake na Bodi haukuwa mzuri.

Sasa ile sentensi ya muhtasari kuhusu taarifa za kutangazwa. Rejista ya wanachama ina mambo mengi: namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, namba ya simu, ukubwa wa shamba, hisa, akiba na deni. Mrajis na wakaguzi wana haki ya kuyaona. Dunia nzima haina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, nayo yamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, chama cha msingi kikiwamo. Tovuti ya wilaya haihitaji majina ya wanachama wala simu zao. Tangu mwaka 2022, mpango wa ruzuku ya mbolea ulipoanza, mkulima aliyesajiliwa hupewa namba yake ya kuchukulia mbolea. Kuna matapeli wanaongoja orodha yenye majina, simu na namba za vitambulisho ili wawapigie wazee na kujifanya maofisa. Chama kisiwe ndicho kilichowapelekea.

Anwani ya ofisi na simu ya ofisi zatosha. Chama ambacho hakina simu yake kinunue laini kwa jina la chama, isiwe ya mtu. Hili limesemwa mara nyingi na bado vyama vingi hutumia simu ya Mwenyekiti, ambaye uchaguzi ukimwangusha huondoka na wanunuzi wote.

Kuhusu gharama, Katibu akiambiwa kuna ada ya Serikali, aombe kumbukumbu namba ya malipo. Fedha za Serikali hulipwa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, na stakabadhi hutoka. Anayetaka alipwe mkononi, au katika simu yake mwenyewe, "ili jambo liende haraka", hakusanyi ada ya Serikali. Malipo yote yaandikwe katika kitabu cha fedha, hata nauli, na yawemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu.

Ukurasa ukishafunguliwa, kazi ya Katibu inakuwa ya kila mwaka. Baada ya uchaguzi, majina ya viongozi yabadilishwe. Baada ya ukaguzi, ambao kwa vyama vingi hufanywa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, taarifa zinazotakiwa zipelekwe kwa wakati. Ukurasa unaoonyesha viongozi waliokwisha kuondoka humfanya mnunuzi apeleke barua kwa mtu asiye na mamlaka, na mtu huyo aweza kuijibu.

Wala vitabu vya karatasi visitupwe. Umeme hukatika, na mtandao pia, na mabonde ya Ruvubu hayajali mnada ni saa ngapi. Rejista ya mkono, leja na vitabu vya stakabadhi ndivyo chimbuko la yale yaliyomo katika kompyuta. Mwanachama akidai kwamba alileta kilo 140 na mfumo unasema 104, hakuna atakayejua ukweli isipokuwa kwa kutazama nakala ya stakabadhi aliyopewa mizanini, na ndiyo maana stakabadhi ile iandikwe palepale, mbele yake, na asome mwenyewe au asomewe.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo:

Cheti cha chama chenu kiko wapi usiku huu, na nani ana ufunguo? Je, jina lililo juu yake ni sawa na lile la benki, herufi kwa herufi?

Mwenyekiti anataka orodha ya wadaiwa wa chama iwekwe katika tovuti ya Halmashauri ili waone haya na kulipa. Bodi imjibu nini?

Katibu amefariki ghafla katikati ya msimu, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiingia katika mfumo. Nani ataandika barua, kwa nani, na ataambatisha nini?